Mataa ya motokari ya koperative: tuyasafishe wenyewe, tusingoje mfadhili



Katika jarida hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mbolea, mizani na bei ya kahawa. Mara hii tunaongea juu ya plastiki ya mataa ya mbele ya motokari. Kuko watakaosema kama hiyo ni kazi ya garaji, si kazi ya jarida la wakulima. Tunawaomba wavumilie kidogo, sababu jambo lenyewe lilitupata sisi wa ofisi, na haya yake tuko nayo mpaka leo.

Kila mtu anayelima kahawa kando ya Ziwa Kivu anajua namna kahawa inavyotupangia saa. Matunda mekundu yanachumwa mchana. Wamama wanayashusha kutoka mlimani, yanafika kwenye kituo cha kukusanyia saa kumi ao saa kumi na moja ya jioni. Yanapimwa, yanaandikwa, watu wanabishana kidogo juu ya mizani kama kawaida. Kisha yanapashwa kufika kwa mashine ya kumenya siku ile ile, sababu yakilala ndani ya mifuko yanaanza kuchacha, na kahawa iliyochacha imekwisha kupoteza bei hata kabla ya kuoshwa. Na huku kwetu saa kumi na mbili ya mangaribi giza linaingia, mwezi wa pili sawa na mwezi wa nane. Njo maana motokari ya kahawa inatembea usiku. Hakuna aliyependa iwe hivyo.

Saa hiyo hiyo barabara imejaa watu. Wamama wanarudi sokoni, watoto wanabeba bido za maji, mbuzi zinarudishwa nyumbani. Hakuna njia ya wanaotembea kwa miguu, hakuna taa hata moja ya barabara. Wote wanategemea mwanga wa motokari, wale walio ndani yake na wale walio nje.

Motokari ya ofisi yetu, ile ya kabini mbili ambayo wengi wenu mmeipanda, mataa yake yalikuwa yamekuwa meupe na manjano kama jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho. Shofere alitwambia. Alitwambia zaidi ya mara moja. Sisi tukafanya kile ofisi inajua kufanya: tuliandika karatasi ya maombi, ile tunaitaka eta de bezwe, tukaomba mataa mawili mapya, tukaituma. Jibu likarudi kama bei ni ya juu, tutafute bei za maduka matatu. Tukatafuta. Wakasema tungoje bajeti ya mwaka unaofuata. Tukangoja, na wakati wote huo motokari haikulala hata usiku mmoja wa mavuno. Shofere akazoea. Siku moja tulimwuliza kama anaona vizuri, akacheka: "Miye natembezaka na mazoea, hapana na taa." Na sisi tukacheka naye.

Usiku mmoja wa mvua, kwenye mteremko, kioo cha ubavuni kiligonga beseni la mama mmoja aliyekuwa anatembea pembeni. Akaanguka ndani ya mfereji. Mungu alisaidia, aliumia goti tu, lakini sambaza zake zote zilimwagika kwenye tope. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya, tukalipa dawa, tukalipa na sambaza. Tulipomwomba msamaha, alisema neno ambalo hatukulitegemea: "Papa shofere, miye niliona taa yenu. Niliwaza ni pikipiki, na iko mbali."

Tumefikiri sana juu ya neno hilo. Sisi tulikuwa tunahesabu kama taa mbovu inamzuia shofere kuona. Mama huyu alitufundisha kama inamdanganya na yule anayetembea. Mwanga hafifu unaonekana kama mwanga wa mbali. Anajua ana wakati wa kuvuka ao wa kusogea, kumbe hana. Motokari inayokwenda kilometa 40 kwa saa inakula mita 11 kila sekunde. Kwa kilometa 60 inakula karibu mita 17.

Siku ya pili yake, kijana mmoja wa koperative, mwenye kutengeneza pikipiki, alisafisha mataa yale mbele ya depo yetu. Ilimchukua asubuhi moja. Karatasi za msasa, skochi, dawa ya meno na kopo moja la verni, vyote pamoja havikufika dola 15. Kwa miezi sita tulikuwa tumengoja zaidi ya dola mia ambazo hazikuja.

Basi maoni yetu ni haya: koperative yenye motokari, ao inayokodisha motokari, isafishe mataa yenyewe kabla ya kila mavuno. Isimwachie shofere peke yake, wala isingoje bayere.

Tueleze kwanza ugonjwa wenyewe, sababu mtu asiyejua ugonjwa atanunua dawa yoyote. Zamani mataa ya mbele yalikuwa ya kioo cha kweli. Land Cruiser za zamani zenye mataa ya mviringo ziko hivyo, na malori mengi ya zamani pia. Kioo hakigeuki manjano. Kikichafuka kinaoshwa, kikipasuka kinabadilishwa. Motokari za sasa ziko na plastiki ngumu inayoitwa polikaboneti. Ni nyepesi, haivunjiki na kila jiwe, lakini haipatani na jua. Kwa hiyo kiwandani wanaipaka ngozi nyembamba ya kuikinga. Jua linakula ngozi ile miaka kwa miaka, vumbi na mchanga vinaikwaruza, mwishoni inapasukapasuka na plastiki ya juu inageuka manjano. Sisi wa milimani tunapata zaidi: Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na mionzi ya jua inayoharibu plastiki inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ongeza desturi yetu ya kupangusa taa yenye vumbi na kitambaa kikavu. Ile ni msasa pia, ila hautengenezi kitu.

Hasara yake imepimwa. Mwaka 2018 chama cha wenye motokari cha Marekani, AAA, kilijaribu mataa ya plastiki yaliyochakaa, kikaona yanatoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya. Yaliposafishwa, yalirudi mpaka karibu asilimia 70. Si 100, tusidanganyane. Lakini kutoka 20 mpaka 70 ni tofauti ya kumwona mama mwenye beseni ao kutomwona.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza hakikisha ni plastiki: gonga kidogo na ukucha, kioo kinalia na kiko baridi, plastiki inatoa sauti nzito. Osha taa na maji mingi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Bandika skochi pembeni yote juu ya rangi ya motokari, mara mbili, sababu msasa ukigusa rangi utaleta maneno na mwenye motokari. Msasa unaotakiwa ni ule wa maji, mweusi ao wa kijivu, si ule wa seremala. Nyuma yake kuko namba: namba kubwa, msasa laini. Anza na 800 ao 1,000, fuata na 1,500, malizia na 2,000. Ukipata 3,000, vizuri zaidi. Tumeona taa moja iliyosuguliwa na msasa wa mbao, wa namba 120. Hiyo hakuna mtu ataiponyesha tena.

Loweka msasa ndani ya ndoo, sugua kwa mkono mwepesi, maji yakishuka wakati wote. Na namba ya kwanza sugua kutoka kushoto kwenda kuume, na namba inayofuata kutoka juu kwenda chini, hivyo utaona kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Maji yanayoshuka mwanzoni yatakuwa ya manjano kama maji ya muhogo mbovu. Ni ile ngozi ya zamani inayotoka. Usibadilishe namba mpaka maji yawe meupe na taa nzima iwe na ukungu wa namna moja. Hapo wengi wanaogopa, sababu taa inaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa. Hata sisi tulimwambia kijana yule, "Kaka, umeua taa!" Akatujibu tumwache afanye kazi yake. Alikuwa na haki: na namba 2,000 ukungu ulianza kupungua, na alipoimwagia maji tuliona balbu ndani.

Baada ya msasa inafuata kung'arisha, na dawa ya kung'arisha rangi ya motokari ikiwapo. Isipokuwapo, dawa ya meno nyeupe ya kawaida inafanya kazi ile, maana ndani yake kuko unga laini wa kusugua. Sugua na kitambaa cha pamba, dakika kumi kwa kila taa, osha, angalia, rudilia.

Wengi wanasimama hapo, na hapo njo kosa linaingia. Tumesikia watu wakisema kama dawa ya meno peke yake inatosha. Inang'arisha kweli, kwa majuma machache. Lakini sasa plastiki iko uchi, ngozi yake ya kiwanda umeiondoa, na jua litaila upesi kuliko mbele. Inafaa kurudisha kinga. Pangusa taa na alkoli, ngoja ikauke kabisa, kisha pulizia verni ya motokari isiyo na rangi, ile imeandikwa kwenye kopo kama inakinga na mionzi ya jua. Pulizia mara mbili ao tatu, nyembamba, ukingoja kati yake kama kopo linavyosema. Fanya asubuhi, kivulini, nje, pasipo upepo wa vumbi, na ufunike pua na mdomo. Verni za kuchanganya dawa mbili ni sumu kwa mapafu, hizo tuwaachie mafundi wenye maski ya kweli. Verni ya mbao hapana. Itabambuka. Kama verni nzuri haipatikani kwenu, pakaa nta ya motokari na uirudilie kila juma ao majuma mawili. Ni kazi ya kuchosha, lakini ni kinga.

Kuko na dawa za barabarani ambazo tunaomba muziache. Petroli na asetoni zinaipasua plastiki ile, mipasuko midogomidogo kama utando wa buibui, na haitoki. Dawa ya kufukuza mbu inafanya taa ing'ae mbele ya macho yako, sababu inayeyusha plastiki ya juu. Siku chache, inanata na kushika vumbi. Mafuta ya mawese, tumeyaona pia. Yanang'aa mpaka kilometa ya kwanza ya vumbi.

Na wale wanaosema "tutie balbu kubwa", hao tunawapinga kabisa. Balbu ya kawaida ya motokari ndogo ya volti 12 ni ya wati 60 na 55. Ukitia ya wati 100 nyuma ya plastiki yenye ukungu, mwanga unatawanyika, unapofusha anayekuja, moto unaikausha plastiki na nyaya zinaweza kuungua. Umelipa feza ili uharibu.

Kusafisha pia hakuponyeshi kila kitu. Kama ukungu ni wa ndani, maji yameingia, basi msasa wa nje haufanyi lolote. Inapashwa kufungua, kukausha na kuziba. Kama kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kimeungua na kuwa cheusi, tafuta taa ingine. Hata hapo uwe na macho: mataa mengi ya okazio yanayouzwa mjini yako na ukungu kama yako, tofauti ni vumbi limepanguswa.

Tena kuko jambo la motokari za Japani. Nyingi zinazofika Mashariki ya Congo zilitengenezwa kwa barabara ya kushoto. Mwanga wao wa chini unapanda upande wa kushoto, ili kuonyesha ukingo wa barabara ya Japani. Kwetu tunapita kuume. Kushoto njo anakotoka mwenzako. Taa ikiwa na ukungu hakuna anayetambua. Ukiisafisha, unaweza kuanza kumchoma macho. Kwa hiyo siku ya kusafisha iwe pia siku ya kulenga. Simamisha motokari mahali palipo sawa, mita 5 mbele ya ukuta, ikiwa na mzigo wake wa kawaida nyuma, maana mifuko ya kahawa inashusha nyuma na kuinua pua. Mpaka wa juu wa mwanga wa chini uwe sentimita 5 hivi chini ya urefu wa taa yenyewe. Hilo linapunguza taabu. Dawa kamili ni mataa yaliyotengenezwa kwa barabara ya kuume, na hayo, ndiyo, yanahitaji feza.

Katika mkutano mmoja mtunza feza alitupinga mbele ya watu. Alisema: "Feza ya wanamemba haiko ya kupamba motokari." Alipigiwa makofi, na tunaelewa sababu. Wanamemba wamekwisha kuona feza zao zikiishia kwenye matairi, kwenye gazoali, kwenye "mambo ya garaji" yasiyo na fakture. Ana haki ya kuogopa. Lakini tulimwuliza: mizani ikianza kukosea kilo moja kwa kila mfuko, utasema kuirekebisha ni pambo? Usiku mmoja ambao motokari haikufika kwa mashine, ni mifuko mingapi inachacha? Na tuliongeza kitu kimoja ambacho hakikumfurahisha: mzigo ukipotea, hasara ni ya wote, mtu akigongwa, shofere peke yake njo anakamatwa, na kamati inakaa nyumbani. Tunaona hiyo si haki. Anayeamuru motokari itoke usiku ni kamati. Basi kamati iandike mataa katika bajeti, mstari wake peke yake, na fakture ionyeshwe kwa wanamemba.

Kwa koperative zinazokodisha, tunashauri neno moja liingie katika mapatano: kabla ya kupakia, mataa yanawashwa mbele ya ukuta wa depo, kamati inaangalia. Yakiwa mabovu, yanasafishwa papo hapo na gharama inatolewa kwenye malipo ya mwenye motokari. Wenye motokari hawatapenda. Mmoja ametwambia wazi kama atapeleka gari lake kwa wafanyabiashara wasiouliza maswali. Inawezekana akafanya hivyo, na mavuno moja ao mawili mtahangaika. Ndani ya ofisi yetu hatukupatana wote juu ya jambo hili. Wengine wanaona tuanze kwa kusaidia mwenye motokari asafishe bure mara ya kwanza, kisha masharti yafuate. Tuandikieni namna mnavyoona.

Kwa kutunza, kuko kitu kidogo kisichoomba feza. Motokari ikishinda depo mchana kutwa, isimame kivulini, ao pua yake ifunikwe na magunia mawili ya kahawa yaliyozeeka. Na shofere amwagie taa maji kabla ya kuipangusa. Yule mama wa sambaza, tulipopita kwake juma lililopita, alituonyesha kwamba sasa anafunga kitambaa cheupe kwenye beseni lake upande wa nyuma. Alikitafuta mwenyewe. Sisi tulikuwa bado tunatafuta bei za maduka matatu.

Kwenye depo yetu kumebaki nusu kopo la verni na karatasi za msasa namba 1,500 na 2,000. Kijana yule amekubali kuonyesha kazi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Koperative inayotaka ilete motokari yake saa moja ya asubuhi, imeoshwa, pamoja na shofere na mtu mmoja wa kamati. Shofere peke yake hatutampokea.